Somo: DSLR ya Fremu Kamili au Mirolesi? Namna ya Kuchagua kwa Mpiga Picha wa Sherehe

Somo hili linamhusu mpiga picha wa harusi na sherehe ambaye amefanya kazi kwa kamera ya kihisi kidogo (kihisi ni kipande kinachopokea mwanga na kuunda picha), amejiwekea akiba, na sasa anataka kuhamia fremu kamili, yaani kamera ambayo kihisi chake kina milimita 36 kwa 24, sawa na kipande kimoja cha filamu ya milimita 35. Dukani atakutana na makundi mawili. La kwanza ni DSLR, zenye kioo kilichoinamishwa nyuzi 45 nyuma ya lenzi, ambacho hupeleka mwanga kwenye kitazamio, yaani tundu unalochungulia, na kunyanyuka kila shata (pazia la kuruhusu mwanga kufika kwenye kihisi) inapofyatuliwa. La pili ni kamera zisizo na kioo hicho, ambazo madukani huitwa mirolesi. Mwanga hufika kwenye kihisi moja kwa moja, na unachokiona kwenye kitazamio ni skrini ndogo.

Niseme msimamo wangu mapema. Anayeanza bila lenzi yoyote ya fremu kamili anunue mirolesi. Mwenye lenzi nzuri za DSLR, ambaye kazi yake ni picha za mnato na flashi, hana sababu ya kuona haya kununua DSLR iliyotumika.

Hatua ya kwanza: Orodhesha lenzi zako kabla ya kutaja kamera

Wanunuzi wengi huanza kwa kuulizia bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, kisha hugundua baadaye kwamba fedha nyingi zimeishia kwenye lenzi. Chukua karatasi, andika kila lenzi uliyo nayo, na mbele ya kila moja jibu maswali mawili: je, inafunika kihisi cha fremu kamili, na je, ina mota yake yenyewe ya fokasi?

Kwa Canon, lenzi za EF zinafunika. Za EF-S, zilizoundwa kwa kihisi kidogo, hazifuniki, na wala haziingii kwenye DSLR ya fremu kamili. Kwa Nikon, lenzi yenye alama ya DX, iliyoundwa kwa kihisi kidogo, inaingia, lakini kamera hukata pembeni mwa picha na kukuachia sehemu ya katikati tu. Vilevile, lenzi za Nikon za AF-S zina mota ndani yake, ilhali za AF na AF-D hutegemea mota iliyo ndani ya bodi. Tofauti hii ndogo ya herufi ndiyo inayowagharimu watu zaidi ya jambo lolote jingine katika somo hili, kwa sababu ambayo nitaieleza sasa.

Kila mfumo wa kamera una umbali maalumu kati ya kiungio cha lenzi na kihisi. Kwenye DSLR za Nikon umbali huo ni milimita 46.5, na kwenye za Canon ni 44, kwa kuwa kioo kinahitaji nafasi ya kunyanyukia. Mirolesi hazina kioo, hivyo kwenye kiungio cha Nikon Z umbali ni milimita 16, cha Sony E 18 na cha Canon RF 20. Nafasi iliyopungua hujazwa na adapta, na lenzi ya zamani hukaa mahali pake kana kwamba haijahama. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi iliyoundwa kwa mirolesi haitafanya kazi kwenye DSLR, hata ukipewa adapta ya namna gani.

Adapta ya Canon ya kutoka EF kwenda RF haina vioo ndani. Ni bomba tupu lenye mawasiliano ya umeme, na lenzi za EF hufanya fokasi kupitia hapo bila shida. Kwa Nikon, adapta ya FTZ inaendesha fokasi ya lenzi za AF-S, lakini haina mota ya kuzungusha zile za AF-D. Mwenye lenzi tatu za AF-D akihamia Nikon Z, atalazimika kuzungusha fokasi kwa mkono katikati ya harusi.

Hatua ya pili: Fikiria mahali unapopigia picha

Hapa mirolesi ina faida kubwa na hasara mbili ambazo matangazo hayazitaji.

Faida ni fokasi. Canon 6D ya mwaka 2012 ina nukta 11 za fokasi, na ile ya katikati pekee ndiyo ya kutegemewa gizani. Nikon D750 ya mwaka 2014 ina nukta 51, lakini zimerundikana katikati ya fremu. Mpiga picha hulazimika kulenga jicho kwa nukta ya kati, kisha kuhamisha kamera ili apange picha. Kwa lenzi iliyofunguliwa hadi f/1.8, yaani tundu lake la mwanga likiwa wazi sana, mhamo huo mdogo unatosha kuipeleka fokasi kwenye sikio. Sony A7 III ya mwaka 2018 ina nukta 693 zinazofunika takriban asilimia 93 ya fremu, nayo hutafuta jicho yenyewe na kulifuata bibi harusi anapotembea kuelekea mbele. Zaidi ya hayo, DSLR hupimia fokasi kwenye kifaa kingine kilicho chini ya kioo, na kifaa hicho kisipokubaliana na lenzi, picha zote hufokasi mbele au nyuma kidogo hadi urekebishe kwenye menyu. Mirolesi hupimia kwenye kihisi chenyewe, kwa hiyo tatizo hilo karibu halipo.

Hasara ya kwanza huonekana wakati wa kucheza muziki, taa za ukumbi zikizimwa. Flashi nyingi za DSLR hutoa mwanga mwekundu wenye michoro unaoisaidia kamera kupata fokasi gizani. Ukiifunga flashi hiyohiyo juu ya mirolesi, itawaka vizuri, lakini kwa kawaida mwanga ule mwekundu hautumiki, na utabaki na taa ndogo ya bodi. Kwa hiyo DSLR ya zamani yenye flashi nzuri bado inaweza kufanya kazi kwa uhakika mahali ambapo mirolesi ya bei nafuu inasitasita.

Hasara ya pili inahusu kupiga kimyakimya. Shata ya kielektroniki haitoi sauti hata kidogo, na wakati wa kufungishwa ndoa, msikitini au kanisani, huo ni msaada mkubwa. Hata hivyo, kamera nyingi husoma kihisi mstari kwa mstari, na taa za LED huwaka na kufifia haraka kuliko jicho linavyoweza kuona. Ukitaka kuliona jambo hili, washa shata ya kielektroniki, weka mwendo wa sekunde 1/500, elekeza kamera kwenye ukuta mweupe unaomulikwa na taa ya LED, kisha kuza picha kwenye skrini. Taa ikiwa duni, utaona mistari ya giza imepita ukutani kutoka upande hadi upande. Punguza mwendo hadi 1/100 na mistari itapungua au kutoweka. Fanya jaribio hili ukumbini kabla ya wageni kufika.

Hatua ya tatu: Jiulize kama utarekodi video

Kama mteja anataka video kutoka kwa kamera hiyohiyo, mjadala umekwisha: nunua mirolesi. 6D haifuatilii fokasi wakati wa kurekodi, na D750 inaishia 1080p, ubora ulio chini ya 4K. Lakini soma kwa makini hata upande wa pili, kwani Canon EOS RP, ambayo ni mirolesi, hukata pembeni mwa picha inaporekodi 4K, na upana ulioulipia hupotea.

Hatua ya nne: Piga hesabu ya mkoba mzima

Andika bei ya bodi, lenzi mbili, betri, memori kadi na flashi, ndipo ulinganishe. Betri ndizo zinazosahaulika zaidi. Kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, D750 hupiga picha 1,230 kwa betri moja, A7 III hupiga 610 kwa kutumia kitazamio, na EOS RP hupiga 250 tu. Kazini utapata zaidi ya hapo, kwa sababu kipimo hicho ni kikali, ila uwiano unabaki. Mwenye RP ahesabu betri nne kwa harusi ya siku nzima, na ajue mahali pa kuchajia umeme ukikatika.

Kuhusu uzito, bodi za mirolesi ni nyepesi kweli: A7 III ina gramu 650, na D750 ina takriban 840. Lenzi ni habari nyingine. Ile ya kwanza ya Sony ya 70-200 f/2.8 ina gramu 1,480, karibu sawa kabisa na wenzake wa DSLR. Anayenunua mirolesi kwa sababu ya mgongo wake aangalie kwanza lenzi atakazozibeba.

Megapikseli zisikupotezee muda. 20 za 6D zinatosha kwa albamu na picha kubwa ya ukutani.

Hatua ya tano: Kagua kamera iliyotumika

Fungua lenzi na utazame ndani. Kwenye DSLR, kioo kisiwe na mikwaruzo na kinyanyuke bila kukwama. Kwenye mirolesi utakiona kihisi chenyewe kikiwa wazi. Kiangalie kwa taa ya simu iliyoinamishwa pembeni, bila kukigusa. Kisha funga lenzi, weka f/16, yaani tundu dogo la mwanga, piga picha ya anga au karatasi nyeupe, na uikuze pembe zote nne. Madoa ya kijivu yenye kingo laini ni vumbi, ambalo fundi huliondoa. Mstari au alama isiyosafishika ni sababu ya kuirudisha kamera kwa mwenyewe.

Ulizia idadi ya mara ambazo shata imefyatuliwa. Nikon huiandika ndani ya faili la picha, hivyo utaisoma kwa programu ya kompyuta. Canon nyingi haziiandiki humo, na muuzaji anayekutajia namba bila kukuonyesha usimtegemee. Shata ya D750 ilijaribiwa kufikia 150,000, na ya 6D 100,000. Kupita hapo si kufa, lakini bei ishuke.

Mwisho, ufikirie muda. Baada ya mwaka 2020 Canon na Nikon hazijatoa DSLR mpya ya fremu kamili, na lenzi mpya zinatengenezwa kwa mirolesi. Hilo ndilo linaloshusha bei ya DSLR leo, na ndilo litakaloshusha bei yako utakapotaka kuiuza.

Maswali ya wanachama

Swali kutoka Mwanza: Mwalimu, shikamoo. Nina Nikon D7100, lenzi ya 50mm f/1.8D na 18-55 iliyokuja na kamera. Nihamie wapi?

Jibu: Marahaba. Ile 50mm ni ya AF-D na inafunika fremu kamili, na D750 ina mota ya kuiendesha kama D7100 yako inavyofanya. 18-55 ni ya DX. Ukiifunga kwenye D750 utabaki na takriban megapikseli 10 kati ya 24, kwa hiyo usiihesabu. Kwa kweli basi, ulicho nacho ni lenzi moja ya bei ndogo, na lenzi moja isikufunge. Kama hurekodi video na fedha ni kidogo, chukua D750. Kama unaweza kusubiri kidogo, Nikon Z5 na lenzi yake moja itakufikisha mbali zaidi.

Swali kutoka Unguja: Hewa ya bahari huku huleta fangasi kwenye lenzi. Je, mirolesi huathirika zaidi?

Jibu: Fangasi hufuata unyevu na giza, haichagui aina ya kamera. Weka vifaa kwenye chombo kinachofunga vizuri chenye vipakiti vya silika, na uvitumie mara kwa mara. Linalohusu mirolesi ni vumbi na matone ya chumvi, kwa kuwa kihisi kiko karibu na mdomo wa kamera. Badilisha lenzi kamera ikiwa imezimwa, imeelekezwa chini, mbali na upepo. Na ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa kwa muda hadi ipate joto la nje, la sivyo mvuke utaganda kwenye lenzi.

Swali kutoka Arusha: Nimenunua mirolesi, lakini nikitumia taa za studio kitazamio kinakuwa cheusi kabisa. Ni mbovu?

Jibu: Si mbovu, dada. Kitazamio kinakuonyesha picha kama itakavyokuwa bila flashi, na kwa f/8 na ISO 100 (unyeti mdogo kwa mwanga) ndani ya chumba itakuwa nyeusi kweli. Ingia kwenye menyu na uzime kipengele cha kuonyesha matokeo ya mipangilio. Ukitoka nje ya studio, kiwashe tena, maana ndicho kinachokusaidia kuona kosa la mwanga kabla hujapiga.

Swali kutoka Kigoma: Nikibaki na DSLR, wateja hawatanidharau?

Jibu: Mteja huiona albamu. Wanaoikagua kamera shingoni mwako ni wapiga picha wenzako, nao hawakulipi.

Swali kutoka Nairobi: Nimepata Sony A7 III iliyotumika kutoka Japani kwa bei nzuri sana. Kuna la kuangalia zaidi ya uliyoyataja?

Jibu: Lipo. Sony zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani kwa kawaida huwa na menyu ya Kijapani pekee, na hakuna mpangilio wa kawaida wa kuibadilisha. Kwa mtu anayeifahamu menyu kwa mpangilio wake si kikwazo kikubwa, lakini kuiuza baadaye kutakuwa kugumu, na huenda ndiyo sababu ya bei hiyo. Kabla hujatuma hela, mwombe muuzaji akupigie picha ya ukurasa wa menyu wenye orodha ya lugha. Asipoituma, tafuta muuzaji mwingine.