Vile utapasha ugali na samaki kwa maikrowevu bila katikati kubaki baridi

Hapa Kisumu nyumba nyingi siku hizi ziko na maikrowevu lakini kazi yake ni kupasha chai tu, ukiuliza mbona hamuweki ugali unaambiwa inautoa mgumu, na samaki pembeni anachoma mdomo huku katikati ni baridi. Mashine iko sawa jamani, ni kuelewa tu vile inapasha ndio ujue kupanga sahani.

Jiko la gesi linapasha sufuria kwanza, sufuria ndio inapasha chakula. Maikrowevu inaruka hiyo hatua. Ndani kuna kifaa kinaitwa magnetroni, ni kile kile kilikuwa kwa rada wakati wa vita vya pili vya dunia, kinatoa mawimbi ya megahezi 2450, na sasa chembe za maji ziko na upande chanya na upande hasi kwa hivyo hayo mawimbi yanazivuta huku na huku mabilioni ya mara kwa sekunde, zinagongana na za jirani na joto linatokea hapo hapo ndani ya chakula. Ndio maana mchuzi unachemka haraka na sahani haishiki moto sana mpaka chakula kiipashe.

Lakini ile story ati inaanza kupasha kutoka katikati si kweli. Mawimbi yanaingia sentimita chache tu, huko ndani zaidi joto linajipeleka lenyewe polepole. Tena yakigonga kuta za chuma yanarudi yanakutana, mahali pengine yanaongezeana nguvu na pengine yanamalizana, ndio unapata sehemu moto na sehemu baridi hata kama sahani inazunguka.

Sasa ugali wa jana. Usiuweke bonge nzima, kata vipande vyembamba vya kama sentimita 2, vipange duara pembeni ya sahani na katikati uache wazi, nyunyiza maji kidogo juu kisha funika na bakuli lakini usizibe kabisa, mvuke upate pa kutokea. Dakika moja na nusu hivi, geuza vipande, ongeza nusu dakika, halafu uache umefunikwa dakika moja bila kuugusa. Hiyo dakika ya mwisho watu wanairuka na mimi naona ndio ya maana kuliko zote, joto la nje linamalizia safari ya kwenda ndani. Ugumu unakuja kwa sababu maji yameisha, kwa hivyo hayo maji ya kunyunyiza usiyaonee huruma.

Ngege (tilapia) wa mchuzi weka mkia ukiangalia katikati na pale mnene pakiwa nje, mwagia mchuzi juu, na utumie nguvu ya kati. Mchuzi wenyewe koroga ukifika nusu. Wa kukaanga tafadhali rudisha kwa kikaango, maikrowevu inamlainisha ngozi na hautampenda. Omena (dagaa) ni dogo, ipe sekunde 30 kwanza uone, na funika kwa sababu inaruka.

Nyama ikiwa barafu bonyeza kile kitufe cha kuyeyusha. Barafu hainyonyi mawimbi vizuri lakini maji yananyonya, sasa ukiweka nguvu yote pembeni pakishayeyuka panaiva kabisa na ndani bado ni jiwe.

Kuhusu tokeni za stima, mashine ya wati 800 inavuta karibu 1200 kwa ukuta, dakika 3 ni kama uniti 0.06 tu. Kwa sahani moja sioni sababu ya kuogopa, githeri ya familia nzima ndio pelekea gesi.

Vya kukataa: yai na ganda lake, linalipuka. Foili, vijiko na vikombe vya rangi ya dhahabu, vinatoa cheche. Kuiwasha bila kitu ndani, mawimbi yanakosa pa kwenda yanarudia magnetroni. Mkebe wa majarini pia, haukutengenezewa moto, tumia glasi ama udongo. Na wewe mama wa mtoto mchanga, maziwa ya chupa usiweke humo, chupa ukiishika ni vuguvugu na ndani kuna sehemu imechemka itachoma mdomo wa mtoto, simamisha chupa kwa bakuli la maji moto inatosha.

Mlango ukiwa umepinda ama haufungi vizuri acha kuitumia mpaka fundi aione. Ukiwa mzima, ile wavu ya chuma kwa kioo inazuia mawimbi, na mashine ikizima nayo yanaisha papo hapo, hakuna miale inabaki kwa chakula.

Ukishapasha samaki weka bakuli la maji na ndimu iliyokatwa, dakika 3, acha mlango umefungwa dakika zingine 5 halafu pangusa na kitambaa. Mabaki yaliyokauka kwa ukuta yanaungua na kuharibu mashine, kwa hivyo pangusa siku hiyo hiyo.