Kuingiza Catalina kwenye FSX

Ukipakua Catalina (ndege ya zamani inayotua majini) ya bure ya FSX, yaani Microsoft Flight Simulator X, mchezo wa kompyuta wa kuigiza urubani, usimwage kila kitu kwenye folda kuu ya programu. Fungua zipu pembeni kwanza uone kilichomo. Folda yenye faili la aircraft.cfg ndiyo ndege yenyewe. Ihamishe nzima nzima kwenda SimObjects/Airplanes. Kama vipimo vya chumba cha rubani vimekuja na folda yao, vipeleke kwenye folda ya Gauges. Ukivisahau, dashibodi itakuwa na matundu meusi palipotakiwa kuwa na vipimo.

Ndege haionekani kwenye orodha? Fungua aircraft.cfg kwa Notepad. Sehemu za [fltsim.0], [fltsim.1] na kuendelea, moja kwa kila rangi ya ndege, lazima zifuatane bila kuruka namba, na kila mstari wa title uwe na jina lake lisilofanana na lingine. Mimi niliongeza rangi ya pili, nikasahau kubadilisha title, nikahangaika saa mbili nzima.

Halafu angalia toleo. PBY-5A ina magurudumu. PBY-5 haina, ni ya majini tu, na ukiianzishia kwenye lami utakuwa umeikalisha kwa tumbo. Bonyeza Y ili uweze kuihamisha bila kuirusha, isogeze hadi majini, bonyeza Y tena. Mimi huanzia uwanja wa Moi, Mombasa, kisha naishusha kwenye hori la jirani, maana wakati wa Vita Kuu ya Pili Catalina za Waingereza ziliruka kweli kutoka Kipevu, hapo hapo Mombasa, kusaka nyambizi. Injini ni mbili tu, kila moja nguvu farasi 1,200, kwa hiyo usiharakishe kuinua pua.