Mota ya koili: kazi yote iko kwenye nusu ya vanishi

Mota hii inataka betri moja kubwa ya tochi (D, volti 1.5), pini mbili kubwa za nepi, mpira mpana, msasa laini, sumaku bapa ya duara na mita 1 ya waya wa shaba wenye vanishi (utando unaozuia umeme), unene milimita 0.5. Waya muombe fundi wa kuwaindi mota, ila usichukue uliotoka kwenye mota iliyoungua: vanishi yake imebabuka, mizunguko itagusana.

Zungusha waya mara 10 kwenye paipu ya robo tatu inchi upate koili, uache sentimita 5 kila ncha. Zisokote ncha kwenye koili zitokeze pande mbili zinazotazamana, zimenyooka mstari mmoja. Zikipinda kidogo tu, koili itayumba na kukwama.

Sasa vanishi. Ncha ya kwanza ikwangue yote. Ya pili ikwangue nusu tu, koili ikiwa imesimama wima kama sarafu: kwangua upande wa juu, wa chini uache. Wengi huilaza koili mezani wakakwangua juu, kisha hushangaa inatikisika bila kuzunguka. Sumaku ikiwa chini ya koili, msukumo huwa mkubwa koili ikiwa wima, na hugeuka kinyume kila koili inapopita ulalo. Nusu yenye vanishi hukata umeme kabla msukumo haujarudi nyuma, na koili humaliza mzunguko kwa kasi iliyokwisha kupata.

Laza betri, bana pini kwenye ncha zake kwa mpira, vitanzi vya pini vikiwa juu. Bandika sumaku katikati, ingiza koili vitanzini, kati yake na sumaku iwe nafasi ya milimita 3 hadi 5. Isukume kwa kidole. Ikigoma, sukuma upande wa pili, maana mota hii ina upande wake. Ukigeuza sumaku, upande nao hugeuka.

Waya huu una ukinzani wa kama omu 0.1 tu, hivyo koili iliyokwama hupata moto upesi. Itoe ndani ya sekunde chache.

Mombasa hewa ya chumvi huifanya shaba iwe nyeusi. Mota iliyozunguka jana ikigoma leo, piga msasa vitanzi na sehemu za ncha zilizokwanguliwa tu kabla ya kulaumu betri. Na uzime feni: koili ina gramu 2 hivi, upepo unaweza kuizungusha. Ukiwa na shaka, ondoa sumaku uone kama itasimama.