Namna ya Kuiaga Supernatural Bila Kurudia Episodi Zote 327

Supernatural, tamthilia ya ndugu wawili, Sam na Dean Winchester, wanaowinda mazimwi, ilianza kurushwa Marekani tarehe 13 Septemba 2005 na ikafungwa tarehe 19 Novemba 2020, baada ya misimu 15. Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kuimaliza na sasa anataka kuiaga ipasavyo. Kama hujafika mwisho, ishia hapa, maana vifo vinatajwa waziwazi.

Usijaribu kurudia yote. Kila episodi ina kama dakika 42, kwa hiyo jumla ni saa zipatazo 229. Hata ukitazama mbili kila siku, ni miezi mitano na zaidi, na hamu ikikuishia njiani utaifikia tamati ukiwa umechoka nayo. Episodi 20 zinatosha. Hizo ni saa 14.

Kumi zitoke misimu 5 ya mwanzo, kwa sababu Eric Kripke, aliyeibuni, aliipanga hadithi yake ikamilike hapo. Msimu wa 1 chukua ya 1 na ya 22. Wa 2, ya 1, ya 20 na ya 22. Wa 3, ya 11 na ya 16. Wa 4, ya 1, anapoingia malaika Castiel. Wa 5, ya 8 na ya 22. Katika episodi ya kwanza kabisa, sikiliza maneno ya Sam anapofunga buti la gari: kuna kazi ya kufanya. Mwisho wa msimu wa 2 maneno hayohayo anayasema Dean, kwenye buti lilelile. Ukizitazama karibu karibu utalinasa hilo. Zikiachana kwa wiki kadhaa litakupita.

Ya 22 ya msimu wa 5 itazame peke yake, bila simu mkononi. Inaanza na historia ya ile Impala ya mwaka 1967, na ndani ya gari kuna askari mdogo wa plastiki ambaye Sam alimkwamisha kwenye kisahani cha majivu alipokuwa mtoto. Kinachomrudishia Sam nguvu ya kumshinda Lucifer ni vitu vidogo vya gari hilo. Anayeruka utangulizi hapa atafika kilele bila kujua kwa nini gari linang'aa.

Misimu iliyobaki haihitaji mengi: ya 15 ya msimu wa 6, ya 10 ya msimu wa 7 kwa ajili ya Bobby, mwindaji aliyekuwa kama baba kwao, ya 23 ya msimu wa 8, ya 5 ya msimu wa 10, ya 4 ya msimu wa 11 inayotokea karibu yote ndani ya gari, ya 16 ya msimu wa 13, na ya 13 ya msimu wa 14, baba yao anaporejea. Kama Crowley, yule mfalme wa Kuzimu, ni wako wa moyoni, toa moja uweke ya 23 ya msimu wa 12.

Zinabaki tatu za mwisho, ya 18, ya 19 na ya 20 za msimu wa 15, na hapa ndipo kuaga kunapoharibika. Usizitazame usiku mmoja. Ya 18 inamchukua Castiel mara tu baada ya kumwambia Dean kwamba anampenda, na huzuni hiyo inahitaji siku yake. Ya 19 inafunga kama tamati kamili, hivyo ukiunganisha na ya 20 papo hapo, kifo cha Dean ghalani, nondo ikiwa imemchoma mgongoni, kitaonekana kama nyongeza ya ukatili. Zigawe kwa siku tatu. Kabla ya ya 20, zima mpangilio unaorusha episodi nyingine yenyewe, la sivyo picha itakatwa kabla hujawaona Jared Padalecki na Jensen Ackles, walioigiza Sam na Dean, wakisimama darajani na wenzao wa kazi kuwashukuru watazamaji.

Kila ukimaliza episodi, andika sentensi moja: umeona nini safari hii, na dakika ya ngapi. Kutokana na sentensi hizo 20 chagua tatu, kisha andika barua ya ukurasa mmoja kwa mhusika mmoja, si kwa mwigizaji. Anza na kitu kinachoshikika, kama koti la Castiel au kofia ya Bobby. Barua inayoanza kwa kusema hakuna tamthilia iliyowahi kuifikia hii huwa imekwisha kabla haijaanza, kwani haina pa kwenda baada ya sifa.

The Winchesters, episodi 13 za mwaka 2022 hadi 2023 kuhusu John na Mary, wazazi wa Sam na Dean, wakiwa vijana, iache kwa mwezi mmoja hivi. Msimulizi wake ni Dean, na ukiisikia sauti yake kesho yake tu, utajikuta unailinganisha na ulichokiaga badala ya kuitazama yenyewe.