Pima, ndiyo ule: daftari la fundi mwenye sukari

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Daftari langu lina kurasa mbili mbili: kushoto vifua na viuno vya wateja, kulia sukari yangu. Siku moja mteja alichungulia, akaona 13.8, akauliza hiyo ni nguo ya mtoto gani.

Ukiambiwa una kisukari cha aina ya pili, mtaa mzima unageuka daktari. Usile wali, usiguse nazi, ndizi ndiyo sumu. Niliwasikiliza wiki mbili. Ya tatu nikavamia sufuria usiku. Kwa hiyo usianze kwa kujinyima, anza kwa kupima. Chukua mlo mmoja ulioupenda, pima kabla ya kula, kisha pima tena saa mbili baada ya tonge la kwanza. Andika na ulichokula, siyo namba tu.

Ile 13.8 (ni milimoli kwa lita ya damu, kama namba zangu zote za sukari) ilikuwa wali wa nazi, sahani ya kujaa na juisi ya machungwa ya Muheza; kabla ya kula nilikuwa na 7.2. Juma lililofuata nikapika wali ule ule. Nusu ya sahani nikaweka mchicha na bamia, robo changu wa kuchoma, robo wali. Nikala mboga na samaki kwanza, wali nikaumalizia. Chungwa nikalila zima, na nyama yake. Nikatembea dakika 15 mpaka sokoni Mgandini. Kipimo kikasoma 9.4, na daktari wangu hataki nizidi 10. Msuli unaofanya kazi huivuta sukari kutoka kwenye damu, ndiyo maana kutembea baada ya kula kuna faida kuliko kulala.

Asubuhi nakula bakuli la mbaazi na hamri moja. Zamani ilikuwa mahamri manne na mbaazi za kuchovyea. Chai niliipunguza sukari nusu kijiko kila wiki, na sasa ya watu wengine naiona kama shira. Nazi sikuiacha, ila tui zito nalipunguza kwa sababu ya unene.

Unene wenyewe upime kwa tepu. Kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Mimi nina sentimita 158, kwa hiyo natafuta 79. Nilianza na 101, leo 92, na gauni zangu nimezipunguza mwenyewe bila kumlipa mtu. Jioni tano kwa wiki naendesha baiskeli nusu saa kuelekea Raskazone; hizo ni dakika 150, na mji huu kila mtu ana baiskeli, kisingizio sina.

Hapa sikiliza vizuri. Dawa usiache kwa sababu namba zimependeza. Na kama unatumia insulini au glibenklamaidi (vidonge vya kushusha sukari), usiruke mlo wala kufunga kabla ya kuongea na daktari. Mimi niliruka mchana mmoja, nguo za harusi zimenibana. Mikono ikaanza kutetemeka, jasho la baridi, uzi hauingii kwenye sindano. Kipimo: 3.1, sukari imeshuka mno. Nikakoroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, nikanywa, nikangoja dakika 15, nikapima tena, ndipo nikala. Siku hizi sukari na kikombe viko kwenye mtoto wa meza, karibu na mkasi. Mtu akizimia usimnyweshe kitu, mkimbizeni hospitali.

Miguu kagua kila usiku, na katikati ya vidole, maana kisukari huweza kuitia ganzi. Kioo cha kujipambia kinatosha kuona nyayo. Mwezi uliopita nilivua kandambili nikakuta pini imetoboa soli, imechoma kisigino, damu imeshakauka. Sikuwa nimehisi chochote. Kliniki walikisafisha wakanigusagusa nyayo kwa kijiuzi. Sehemu tatu sikujua kama nimeguswa. Nimehamia viatu vya kufunika, na jioni mjukuu wangu anapitisha sumaku sakafuni. Kila pini kumi anadai shilingi mia.