Jinsi ya Kuomba Leseni ya Kuzalisha Umeme Kenya kwa Kufuata Vigezo vya Sheria

Kampuni yoyote inayotaka kuzalisha umeme wa kuuza nchini Kenya, iwe ya umma au ya binafsi, huomba leseni kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, chini ya Sheria ya Nishati ya mwaka 2019. Anayezalisha umeme wa matumizi yake mwenyewe usiozidi megawati 1 hahitaji leseni hiyo.

Kwanza hakikisha kwamba mtambo wako unaoana na mpango wa taifa wa uzalishaji wa umeme kwa gharama nafuu. Mtambo usiohitajika haugeuki kuwa halali kwa sababu mwenye nao ni shirika la serikali, kwani gharama yake humfikia mteja kwenye bili. Kampuni ambayo tayari inasambaza umeme na sasa inataka kuuzalisha itenganishe hesabu za shughuli hizo mbili tangu mwanzo, ili mdhibiti aone wazi ni gharama ipi inayotokana na mtambo.

Hatua ya pili ni tathmini ya athari kwa mazingira, na hapa ndipo ninapomsihi mwombaji asiharakishe. Mnamo Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira ilibatilisha leseni ya mazingira ambayo Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ilikuwa imeipa kampuni ya Amu Power mwaka 2016 kwa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Lamu. Mikutano ilikuwa imefanyika, lakini ile ya kabla ya uchunguzi ilihesabiwa kuwa ya kuutambulisha mradi tu, kwa kuwa wananchi hawakuwa wamepewa matokeo ya uchunguzi ili wayajadili. Kwa hiyo itisha mabaraza baada ya ripoti kukamilika, ieleze kwa lugha ambayo wavuvi na wakulima wa eneo hilo wanaielewa, kisha andika hoja zao pamoja na jinsi ulivyozijibu.

Baada ya hapo tangaza nia yako magazetini kabla ya kuwasilisha ombi, ili anayepinga apate nafasi ya kusema. Ombi lenyewe liandikwe kwa kufuata mambo ambayo sheria inamtaka mdhibiti ayapime: athari kwa maisha ya jamii, matumizi ya ardhi, hifadhi ya mazingira, faida za kiuchumi, gharama na vyanzo vya fedha, usalama wa watu, uwezo wa kiufundi wa mwombaji na bei anayopendekeza. Jibu kila jambo kwa ushahidi, maana kurasa za sifa za kampuni hazimsaidii mdhibiti kuamua. Mkataba wa kuuziana umeme nao unahitaji idhini ya EPRA.

Mdhibiti naye amefungwa na sheria. Kifungu cha 47 cha Katiba kinataka uamuzi wake uwe wa haraka, halali, wa busara na wa haki katika utaratibu, na anayeathirika vibaya ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Ukikataliwa, zidai sababu hizo na uzisome moja baada ya nyingine, kwa kuwa rufaa kwa jopo la nishati na petroli hukatwa ndani ya siku 30, na jirani wa mradi asiyeridhika na leseni uliyopewa anaweza kuitumia njia hiyohiyo.