Jinsi ya kuweka pointi kwenye grafu bila kuchanganya x na y

Wadogo zangu mliofika kwenye mada ya grafu, hii kitu sio ngumu kabisa, ila kuna makosa kama matatu hivi yanawarudisha watu nyuma kila siku na nataka leo yaishe.

Chukua karatasi ya grafu, rula na penseli iliyochongwa vizuri, peni weka pembeni kwanza. Chora mstari wa kulala, huo ni mhimili wa x, halafu wa kusimama, huo ni wa y. Pale vinapokatana ndio sifuri. Kulia na juu ni chanya, kushoto na chini ni hasi. Namba unaziandika kwenye mistari yenyewe jamani, sio katikati ya vyumba, maana ukiandika kwenye chumba hutajua 2 inaanzia wapi na inaishia wapi.

Sasa ukipewa (3, -2) isome kama unaelekezwa njia. Namba ya kwanza siku zote ni ya x, kwahiyo anzia sifuri, tembea hatua 3 kulia, simama hapo hapo. Namba ya pili ni ya y, na hapa ndio wengi wanakosea, wanarudi tena sifuri wanashuka 2 wanaishia na pointi mbili kwenye mihimili badala ya moja, hapana, unashuka 2 kutokea pale uliposimama. Weka alama ndogo ya x au kidoti, andika jina lake pembeni, basi. Na ukikuta (0, 4) usiogope, 0 inamaanisha hutembei kulia wala kushoto, unapanda tu 4 na pointi inakaa juu ya mhimili wa y wenyewe.

Mazoezi mazuri ninayoyapenda ni kuploti miji yetu, yaani kuiweka kama pointi kwenye grafu. Fungua ramani kwenye simu, bonyeza Dar es Salaam ushikilie kidogo, utaona namba kama -6.8, 39.3. Lakini angalia vizuri, ramani inaanza na latitudo, yaani kaskazini na kusini, na hiyo kwenye grafu ni y! Kwahiyo lazima uzigeuze, Dar inakuwa (39.3, -6.8). Usipogeuza mji unatupwa mbali kabisa na mahali pake.

Nimeshazigeuza hizi: Nairobi (36.8, -1.3), Arusha (36.7, -3.4), Mombasa (39.7, -4.0), Tanga (39.1, -5.1), Dodoma (35.7, -6.2), Kampala (32.6, 0.3). Zote ni za kukadiria, tarakimu moja baada ya nukta inatosha.

Kabla ya kuploti panga skeli, yaani kila nafasi kwenye grafu inawakilisha kiasi gani. Miji yote ipo kati ya 32 na 40 kwahiyo hakuna haja ya kuanzia sifuri upande wa x, anzia 30, kila sentimita moja (senti) iwe digrii moja, na y iende kutoka 1 juu mpaka -7 chini. Sasa zile grafu zenye viboksi vidogo vya milimita 2, senti moja ina viboksi 5, maana yake kila kiboksi ni 0.2 na sio 0.1, hili kosa nimeliona kwenye madaftari mengi mno, mtu kajua kila kitu ila kahesabu viboksi vibaya na majibu yote yamehama. Kwa Nairobi, 36.8 ni viboksi 4 baada ya 36, na -1.3 ni kiboksi kimoja na nusu chini ya -1. Chini, sio juu, kwenye hasi ukishuka unatoka -1 kwenda -2.

Ukimaliza unganisha Mombasa, Tanga na Dar kwa mkono taratibu, utaona pwani inaanza kujichora, na Arusha itakaa karibu chini kabisa ya Nairobi, ndivyo ilivyo hata kwenye ramani. Mji mmoja ukiwa hauingii kabisa kwenye grafu yako rudi uangalie kama uligeuza namba zake. Na Kampala ikiwa chini ya mstari wa sifuri basi uliiwekea alama ya kutoa, na ile 0.3 yake haina, Kampala ipo kaskazini mwa ikweta.